Ndoo Iliyovaa Kanga

Kumbukumbu za maisha huandikwa na watu waliokwisha kuishi, wenye miwani na wajukuu. Mimi nina miaka kumi na minane, niko kidato cha tatu, bado napigwa fimbo kwa kuchelewa mchakamchaka, na jambo kubwa kuliko yote lililowahi kunitokea linahusu ndoo. Lakini Bibi Koleta amefariki, na nikingoja nizeeke ndipo niandike, Mwalimu Damiani, katekista wetu, atakuwa ameshaihubiri habari hii mpaka ndoo imegeuka malaika. Taarifa ya msiba ilinikuta shuleni Masasi siku ya Jumatano, nikiwa na sahani ya maharage mkononi. Matroni akasema, "Editha, kwenu kumeharibika. Bibi yako anazikwa kesho saa tisa." Nikaweka sahani chini. Nililia kidogo, kisha nikaikumbuka ile ndoo, nikaanza kucheka huku nalia, mpaka wenzangu wakaniondolea maharage wakidhani nimechanganyikiwa. Asubuhi nikapanda basi la kwenda Newala. Ilikuwa Alhamisi. Bibi Koleta hakuwa bibi yangu wa damu, alikuwa jirani tu, bibi wa kila mtu; lakini kama angepewa nafasi ya kuchagua siku ya kuzikwa, nina hakika angechagua hiyohiyo, ili atusumbue.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na minne, darasa la sita. Ulikuwa mwaka wa ruksa. Kila mtu alikuwa na neno hilo mdomoni: mitumba ruksa, video ruksa, kumuuzia korosho mfanyabiashara binafsi ruksa. Nilipomwomba mama yangu ruhusa ya kwenda Newala mjini kutembea alinijibu, "Ruksa ya serikali haijafika jikoni kwangu." Kigango chetu kilikuwa njia ya Makote, kanisa la matofali ya udongo lenye paa la bati. Ndani hapakuwa na mabenchi. Kila mtu alikuja na mkeka wake chini ya kwapa, akautandika sakafuni, akapiga magoti. Paroko alikuja mara moja kwa mwezi na pikipiki, akasoma misa, akabeba Ekaristi yake akarudi nayo parokiani. Siku zilizobaki altare yetu ilikuwa meza tu yenye kitambaa, na kuku wa Mwalimu Damiani walilijua hilo, maana walipita mbele yake bila hata kuinama.

Basi siku ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, Paroko akaja na sanduku dogo la chuma lenye mlango wa dhahabu. Tabernakulo, nyumba ya kuhifadhia Ekaristi. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Paroko akangoja wanyamaze, kisha akasema, "Nawaachia Yesu. Lakini Yesu haachwi kama baiskeli iliyoegeshwa ukutani. Kila Alhamisi, kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, Mwalimu Damiani atamweka wazi altareni, na ninyi mtakaa naye mkimwabudu. Zamu saa moja moja. Nikisikia alibaki peke yake hata dakika kumi, nakuja na pikipiki yangu naondoka naye. Tukifika sikukuu hii mwakani hajaachwa, atakaa hapa moja kwa moja." Watu wakaitikia amina kwa sauti ya kuapa. Bibi Koleta, aliyekuwa na ukungu machoni na ulimi usio na ukungu hata kidogo, akasimama akaweka sheria yake papo hapo: anayetoka zamu asikunje mkeka mpaka anayeingia awe ameshatandika wa kwake. Sakafu isionekane tupu. "Tumeelewana?" akauliza. Hata Paroko akajibu, "Tumeelewana, Bibi."

Mimi sikuwa katika zamu wala sikuwa na mpango. Kazi yangu pale kijijini ilikuwa kuchekesha watu kwenye foleni ya maji. Uwanda wetu hauna maji, yanafuatwa bondeni, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi, na mtu anayeweza kumwigiza Mwalimu Damiani akisali, jicho moja amelifumba na jingine anahesabu waliochelewa, huwa anasogezwa mbele kwenye foleni. Siku moja nilikuwa nimefika pale anapopiga chafya kwa moshi wa ubani, wenzangu wamelala chini kwa kicheko, nikaona wamenyamaza ghafla. Bibi Koleta alikuwa nyuma yangu.

"Endelea," akasema. "Chafya ya pili bado."

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Una mdomo, mjukuu wangu. Tutautafutia kazi." Jumapili iliyofuata jina langu likasomwa kanisani: Editha, kila Alhamisi, saa tisa mpaka saa kumi alasiri, akitoka shule. Kabla ya zamu ya Bibi Koleta mwenyewe.

Saa moja ni ndefu. Kama huamini, kaa kimya mbele ya mtu asiyejibu. Pale altareni palikuwa na monstransi, chombo cha dhahabu chenye miale kama jua, katikati kina kioo cha duara, na ndani ya kioo ile Hostia nyeupe, mkate wa Ekaristi. Alhamisi ya kwanza nilihesabu misumari ya bati. Ya pili niliwahesabu mijusi. Ya tatu nikaishiwa, nikaanza kumsimulia mambo ya wiki, kimoyomoyo: mwalimu wa hesabu kaanguka kwenye shimo la mbolea, rafiki yangu Somoe kavaa koti la mitumba lililoandikwa kizungu mgongoni na hakuna anayejua limeandikwa nini. Nilisimulia kama ninavyosimulia kwenye foleni, na sauti zote. Nilipomaliza nikatambua kuwa ni mara ya kwanza tangu nizaliwe nimeongea saa nzima bila mtu kuniambia we Editha nyamaza. Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Ningesema Yesu ana uvumilivu kuliko mama yangu? Lakini tangu siku hiyo nikawa natunza kitu fulani cha kuchekesha cha kumpelekea Alhamisi, kama wengine wanavyotunza korosho za kukaanga za kumpelekea mgonjwa.

Ningependa kuandika kwamba tangu hapo nilitulia. Mwezi wa nane kikafunguliwa kibanda cha video Newala mjini, jenereta nje, turubai juu, na Somoe akanijia shuleni anahema. Somoe ni Mwislamu, Alhamisi kwake ni siku kama siku nyingine. "Leo karate," akasema. "Saa tisa na nusu. Hawarudii."

"Leo nina zamu."

"Zamu ya kukaa? Si unakaa tu? Weka kitu."

Weka kitu. Nilikuwa na ndoo yangu ya maji, imejaa, nimetoka kuyafuata asubuhi kabla ya shule. Yule mama wa zamu ya saa nane alipokunja mkeka wake na kutoka, nilitandika wangu, nikaiweka ndoo juu yake, pale kwenye kona yenye giza karibu na ukuta. Juu ya mfuniko nikaweka kibuyu kidogo kiwe kichwa. Nikaifunika kanga yangu yote, nikaivuta mbele kidogo, kama mwanamke aliyeinamisha uso kwa toba. Nikarudi nyuma hatua tatu nikaangalia. Ilikuwa imetubu kuliko mimi. Nikapiga magoti yote mawili mbele ya Sakramenti, nikasema, "Nakuja sasa hivi, nitakusimulia," nikatoka mbio.

Sikumbuki kitu katika ile karate. Nakumbuka jasho. Kila mtu alipopigwa teke kwenye video mimi niliwaza dakika kumi za Paroko. Nilirudi nikikimbia peke yangu, Somoe nimemwacha hukohuko, nikafika saa kumi na moja kasorobo. Nikachungulia mlangoni. Bibi Koleta amepiga magoti kwenye mkeka wake, ametandika sambamba na ndoo yangu, bega kwa bega, amefumba macho, anasali. Nikatambaa kwa tumbo mpaka kwenye kona. Nikaivua ndoo kanga, nikajivika mimi, nikaisukuma nyuma yangu na kibuyu chake. Bibi hakufumbua jicho. Mwalimu Damiani alipoingia kwa zamu ya mwisho, Bibi alijiinua polepole akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Mwalimu, huyu mtoto leo amenishinda. Hakujikuna. Hakukohoa. Nzi katua juu ya kichwa chake hakumfukuza. Sijaona mwabudu wa namna hii tangu nibatizwe." Nilipobeba ndoo kwenda nyumbani niliona maji yamepungua. Nikadhani yalimwagika asubuhi nilipokuwa napanda kutoka bondeni.

Jumapili Mwalimu Damiani akanihubiri. Ndiyo, mimi. Alifumba jicho moja akawaambia watu wazima waone aibu, mtoto wa darasa la sita anakaa mbele za Mungu kama jiwe. Mama yangu alilia. Mchana akapika ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, akanipakulia kabla ya kaka zangu, jambo ambalo halijawahi kutokea wala halitarudi. "Mpeni mtakatifu kwanza," akasema. Nikawasikia majirani nje ya ua wanaongea. "Editha huyuhuyu?" "Huyuhuyu." "Anayemwigiza Mwalimu?" "Ndiye." "Basi Yesu ana kazi." Nilijua nilichokifanya: nilimchezea kamari Yesu wa watu wote wale waliompigia vigelegele, kwa ajili ya teke la kwenye video. Kuanzia Alhamisi ile nilikaa saa yangu kwa adabu, lakini vichekesho vilikataa kuja. Niliangalia kile kioo nikasema tu, "Unajua." Nilitaka sana kumwambia Paroko kwenye kitubio, nikaogopa, maana angeondoka na tabernakulo. Nilikaa na ile ndoo moyoni miezi minne.

Desemba shule zikafungwa, Mwalimu Damiani akanibadilishia zamu, nikawa wa kwanza, saa sita kamili. Jua la kabla ya mvua, mabibo ya mwisho yanaoza chini ya mikorosho, nyumba zote zimejaa magunia. Chama cha ushirika hakikuwa kimetokea msimu mzima. Bibi Koleta hakuwepo, alikuwa kwa daktari wa macho Masasi, wiki ya pili. Mwalimu Damiani aliweka monstransi altareni, akafukiza ubani, akapiga chafya mbili, akapiga magoti kando yangu. Hatujamaliza sala, tukasikia honi. Kisha honi ya pili. Kisha sauti ya mtu anapiga mbio anaita, "Malori! Wanunuzi binafsi! Wanapima sasa hivi na wanaondoka!" Mwalimu Damiani alifumbua lile jicho lililofumbwa. Alikuwa na magunia yake, na watoto saba. "Naenda mara moja, Editha," akasema. "Wa saa saba atakukuta hapa."

Wa saa saba hakuja. Nilisikia kijiji kizima kikipita nje ya ukuta, mikokoteni, magunia yanaburutwa, wanawake wanaitana, kisha kimya. Saa nane hakuja mtu. Kuondoka siwezi, sakafu itabaki tupu. Kumrudisha Yesu kwenye tabernakulo siruhusiwi hata kugusa mlango. Kiu ilinishika mpaka ulimi ukawa kama kitambaa. Lakini kiu si kitu. Asubuhi nilikuwa nimekunywa uji vikombe viwili. Nimetazama picha nyingi za watakatifu, wengine wana mishale mwilini, wengine wamekatwa vichwa, lakini hakuna hata mmoja aliyechorwa akibana mkojo, na mimi nasema huo ni upungufu mkubwa wa wachoraji. Saa tisa Somoe alitokea mlangoni, koti lake la mitumba begani.

"Editha! We! Unafanya nini humo? Watu wote wako kwenye mizani!"

"Niitie mtu. Mkristo yeyote."

"Nimewaambia. Wanasema wanakuja, wanashika nafasi zao kwenye foleni." Akatazama ndani, akanitazama mimi. "Si uweke kitu?" akasema kwa sauti ndogo, safari hii bila kucheka.

Nilimtazama. Kanga ninayo, mkeka ninao, choo kiko hatua ishirini. "Siweki kitu," nikamwambia. "Nenda kawaambie tena." Akaenda. Nikageuka kwenye kile kioo na baada ya miezi minne maneno yakarudi. Nikamsimulia karate yote, ile nisiyoikumbuka, nikaitunga upya. Nikamwigizia Mwalimu Damiani na jicho lake, chafya mbili na mbio zake. Nikamwambia, "Leo umeachwa na kijiji kizima, umebaki na mimi. Pole sana." Nikacheka kwa sauti, peke yangu kanisani, na ninaapa sikujisikia peke yangu.

Saa kumi nikasikia pikipiki. Ilikuwa ikija polepole, ikazimika mlangoni. Paroko aliingia, akapiga magoti yote mawili, akabaki hivyo kidogo, kisha akaangalia huku na huku: sakafu pana, mkeka mmoja, mimi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, Baba."

"Wenzako wako wapi?"

Nilikuwa na majibu sita ya uongo, yote mazuri. "Wako kwenye malori, Baba. Wote. Nimekaa tangu saa sita. Na naomba ruhusa, nataka kwenda chooni, nikingoja kidogo tutaaibika sote watatu."

Akahesabu: mimi, yeye. Kisha akaangalia altareni, akaelewa wa tatu ni nani, na mabega yake yakaanza kutetemeka. "Nenda," akasema. Nikamwambia siwezi, yeye hajatandika. Paroko akavua koti lake la pikipiki, akalitandaza kando ya mkeka wangu, akapiga magoti juu yake. Nilikimbia kama sijawahi kukimbia, hata siku ya video.

Kijiji kilirudi saa kumi na moja. Sijui nani aliiona pikipiki kwanza. Nilisikia kilio kama cha msiba, kisha wakaingia mmojammoja wenye vumbi la korosho mpaka kwenye kope, mikeka hawana, wakajibanza ukutani. Mwalimu Damiani alitangulia, macho yote mawili wazi. Na nyuma yao, ameshuka kwenye basi la Masasi, Bibi Koleta, miwani mipya mikubwa usoni, anaangalia kila mtu kana kwamba anawaona kwa mara ya kwanza, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Paroko aliinuka. "Nilisikia habari za malori, nikaja kumchukua," akasema. "Nimekuta sakafu haiko tupu. Kwa muda wa saa nne mtoto huyu amekaa hajainuka. Kama kigango hiki hakijawahi kumwacha hata mara moja, sina sababu ya kuondoka naye."

Hata mara moja. Ningeweza kunyamaza. Mama yangu alikuwa ameshaanza kunitazama kwa ile sura ya kisamvu. Mdomo wangu ambao maisha yangu yote umesema usichotumwa, ukafunguka. "Baba, mwezi wa nane nilimwacha. Nilikwenda video. Niliweka ndoo, nikaivisha kanga." Paroko akauliza, "Muda gani?" Nikasema, "Karibu saa mbili." Mtu mmoja nyuma akasema, "Basi. Tumekwisha." Mwalimu Damiani akakaa chini.

Bibi Koleta akapiga kofi moja. "Nani kasema alibaki peke yake? Mimi nilikuwepo."

"Zamu yako ni saa kumi, Bibi," Paroko akasema taratibu. "Yeye aliondoka saa tisa."

"Mimi saa ya mkononi sina, Baba. Tangu mwanzo huwa nakuja saa nzima kabla, nakaa nje kando ya mlango, namngoja huyu mtoto amalize. Siku hiyo alinipita mlangoni mbio, hata kuniamkia hakuniamkia. Nikaingia nikatandika. Sakafu ilikuwa tupu kwa muda wa mtu kupiga chafya." Akaniangalia kwa ile miwani. "Mnadhani sikujua? Macho yalikuwa na ukungu, lakini sijafikia kushindwa kumtenga binadamu na ndoo. Na kiu iliponishika nilimfunua mwabudu mwenzangu kichwa, nikanywa vikombe viwili, nikamfunika. Maji mazuri. Nilingoja tu aseme mwenyewe, na nilikuwa naanza kuchoka."

Aliyecheka kwanza alikuwa Paroko. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha kanisa lote likapasuka, watu wenye vumbi la korosho wanalia machozi, mama yangu amejifunika kanga usoni, Somoe mlangoni anauliza kuna nini, kuna nini. Kitubio nilipewa: kufuata maji ya maua ya altare mpaka sikukuu. Niliyafuata. Na sikukuu ilipofika, monstransi ilizungushwa kijiji kizima chini ya kitambaa cha dhahabu, majani ya mikorosho yamefagiliwa pembeni, waliokwenda kwenye malori ndio walioimba kwa nguvu kuliko wote, na tabernakulo ikajengewa ukuta wa saruji. Haiondoki tena.

Basi Alhamisi hii ya msiba nilifika kwetu saa nane. Nilimwona Bibi, amevaa miwani yake, hawakumvua. Saa tisa jeneza likanyanyuliwa, kijiji kizima nyuma yake, Wakristo na Waislamu, na mimi nikasimama njia panda. Kushoto makaburini. Kulia kanisa, na ndani binti mdogo wa zamu ya saa nane anangoja mtu aje amtoe. Saa ile ilikuwa yangu zamani, na inayofuata ilikuwa ya Bibi. Mwalimu Damiani alinitazama, akafumba jicho moja. Nikapinda kulia. Nilibeba mkeka na ndoo ya maji, imejaa, nikaiweka kando yangu, nikaivisha kanga. Wimbo wa makaburini ulikuja kwa upepo, nikausikiliza mpaka ukaisha, kisha nikamsimulia Yule wa kwenye kioo nani anakuja na ajihadhari na ulimi wake.

Waliporudi walikuja moja kwa moja bila kwenda kunawa. Wakatandika mmoja baada ya mwingine, mkeka ukigusa mkeka, mpaka mlangoni, mpaka nje uani, na Somoe na mama yake wakatandika wa kwao chini ya ukuta wa nje kwa ajili ya jirani yao. Udongo haukuonekana popote. Saa kumi kamili niliifunua ndoo kichwa, nikachota kikombe kimoja nikanywa, nikachota cha pili nikakiweka mbele ya mkeka wangu, zamu ya Bibi ilipoanza.